Ukurasa Wangu katika Daftari la Maalim

Nilishuka Makambako kwa arobaini ya maalim nikiwa na ndoo ndogo ya njegere, kwa sababu sikujua kingine cha kupeleka. Ukitoka Njombe ukafika Makambako, anayekupokea wa kwanza ni upepo. Huo haujabadilika. Ulinivuta mtandio vilevile ulivyonivuta nikiwa na miaka kumi, nikikimbilia madrasa na juzuu nimeibana kwapani isipeperuke. Mengine yote yamebadilika. Chumba chetu cha mabanzi hakipo. Pamesimama jengo la tofali, vigae chini, taa za umeme, na ubao mweupe unaoandikwa kwa kalamu ya wino. Nilisimama mlangoni nikitafuta mahali nilipokuwa nikikaa, karibu na ufa wa banzi ambao upepo ulipita ukipiga mluzi, nikashindwa kupapata.

Kisomo kilikwenda vizuri. Wazee walisoma, tukaitikia, sisi wanawake nyuma tukiwa na mablanketi juu ya mabaibui kama tunavyofanya huku kwenye baridi. Kabla sinia hazijaletwa, ustadhi kijana anayeongoza madrasa sasa alisimama. Alisema maalim ameacha madaftari kumi na moja, na wanafunzi wa Kiarabu wameanza kuyachambua ili waandike jinsi Uislamu ulivyofika nyanda hizi. Mwezi unaofuata wangekwenda kuisoma kazi hiyo kwenye mashindano ya wanafunzi, mbele ya walimu wa mikoa mitatu. Akamwita binti mmoja wa kidato cha tatu asome kipande.

Binti alisoma kwa Kiarabu kwanza, nami nikashika neno hapa na neno pale. Kisha akasoma kwa Kiswahili. Mfanyabiashara wa chumvi alifika Njombe kwa miguu wakati wa baridi kali, akaanguka mbele ya nyumba moja. Mwanamke wa nyumba ile akachoma mawe kwenye moto, akayafunga kwa nguo, akamwekea miguuni siku tatu mpaka akapona. Yule mtu hakuwa na zawadi ya kumpa, akamfundisha kusema bismillahi. Mwanamke huyo ndiye Mwislamu wa kwanza wa Njombe.

Watu wakasema mashaallah. Mzee mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Binti akamalizia kama maalim alivyotufundisha wote, kwa kutaja habari imepita kwa nani na nani. "Amepokea maalim kutoka kwa mwanafunzi wake," akalitaja jina langu, "naye amepokea kutoka kwa Bi Mkubwa wa Njombe, naye kutoka kwa mama yake mzazi." Akanitafuta kwa macho, akatabasamu. Wanawake wakanigeukia. Jirani yangu akanipiga goti. "Kumbe ni wewe! Na ulivyo kimya!"

Sinia zikaja. Binti na wenzake wakanizunguka wakiuliza maalim alivyokuwa zamani, nikawasimulia mpaka pilau ikapoa. Lakini ile habari ya mawe niliitunga mimi.

Wewe unayenisoma, nivumilie nikueleze taratibu, maana hata mimi imenichukua umri mzima kuisema. Nilisoma mpaka darasa la saba, kisha nikajifunza cherehani. Sijui kupamba maneno. Nitakwambia kama ilivyokuwa.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mbao. Mama alikuwa Mbena, amezaliwa katika nyumba ya Walutheri kijijini karibu na Njombe, akaifuata dini ya baba alipoolewa. Tulikaa Makambako, nyuma ya maghala ya mahindi, mahali ambapo ungeweza kusikia treni ikiingia stesheni na ukajua ni saa ya kupasha maji ya kuoga. Waislamu tulikuwa wachache. Shuleni darasani kwetu tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa anaimba kwaya kwa sababu alipenda kuimba.

Maalim alitoka Kondoa. Kazi yake ya mchana ilikuwa kutengeneza majiko ya mafuta ya taa na karabai. Vidole vyake vilinuka mafuta ya taa, madaftari yake yalinuka mafuta ya taa, na mpaka leo nikinusa mafuta hayo mahali popote midomo yangu inaanza kusoma Yaasin yenyewe. Kiarabu alikuwa amejifundisha kwa redio na kwa kamusi moja iliyokosa jalada, ambayo aliishona kwa uzi wa viatu. Hakuwahi kwenda nje ya nchi. Lakini alikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi: watoto wanaosoma bila kuelewa.

"Mnaimba tu," alikuwa akisema. "Mnaimba vizuri, lakini mnaimba."

Basi akaanza kutufundisha lugha yenyewe. Alikata mifuko ya saruji, akaandika maneno kwa mkaa, akayabandika kila mahali. Mlangoni, baab. Kwenye jiko, naar. Kwenye mtungi, maa. Ukitaka kunywa maji uliomba kwa Kiarabu, ukikosea unabaki na kiu mpaka ukumbuke. Siku ya baridi kali, sisi tukiwa tumejikunyata kama vifaranga, alitwambia: "Baridi! Hilo mnalolia nalo kutwa ni Kiarabu. Kitabu ni Kiarabu. Kalamu, Kiarabu. Nyinyi mmekwisha kuingia ndani ya nyumba, mmekaa sebuleni tu mnaogopa vyumba."

Palikuwa na msichana mmoja mtundu, mkubwa kuliko sisi, aliyeuliza kwa sauti ya adabu kabisa: "Maalim, na ulanzi kwa Kiarabu unaitwaje?"

Ulanzi ni pombe yetu ya mianzi.

"Waarabu hawana mianzi yetu," maalim akajibu bila kuinua macho kwenye daftari, "na wewe huna haja nayo. Simama, niambie jembe."

Wazazi wengine hawakufurahi. Walitaka watoto wao wahitimu Kurani haraka, wachinjiwe mbuzi, basi. Nakumbuka baba mmoja alikuja akasimama hapo mlangoni, kofia mkononi. "Maalim, mimi nimekuletea mtoto asome Kurani. Nasikia nyumbani anasema mlango, kikombe, kiatu. Hayo si hata mama yake anayajua?"

"Mpe miaka miwili," maalim akamwambia. "Siku utakapokufa, atakayesimama kukuombea ajue anaomba nini."

Yule baba akavaa kofia, akaondoka. Mtoto wake aliendelea kuja.

Na palikuwa na somo la isnadi. Hili ndilo somo ninalotaka ulielewe. Maalim alitueleza kwamba maneno ya Mtume yalitufikia kwa mlolongo wa watu, kila mmoja akimtaja aliyemsikia, na wanavyuoni waliwachunguza watu hao mmoja mmoja: ni mkweli, ana kumbukumbu nzuri, walionana kweli? Mpokezi akigundulika amedanganya hata mara moja, yote aliyopokea yanawekwa kando. Sisi tulikuwa watoto, tukaigeuza mchezo, naye akaukubali. Ukienda kushtaki kwamba fulani amekula muhogo wa mwenzake, maalim anauliza: "Umeona au umesikia?" Nimesikia. "Kwa nani?" Kwa fulani. "Naye kwa nani?" Mpaka mshtaki anachoka, anakwenda zake kucheza, na mwizi wa muhogo anapona.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, kabla ya likizo ya Juni, maalim alikata madaftari nusu kwa nusu akatugawia. Alisema hapa kwetu wazee wanakufa na hakuna aliyeandika. Uislamu uliingia vipi huku? Nani alikuwa wa kwanza? Waliswali wapi? Kila mtoto mkubwa akapewa mzee mmoja wa kumuuliza. Neno utafiti nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza, na nilidhani ni kitu kinachouzwa.

"Wewe likizo unakwenda kwa bibi yako Njombe," akaniambia. "Karibu na msikiti pana Bi Mkubwa. Haoni vizuri, lakini akili yake kama wembe. Mama yake ndiye aliyesilimu wa kwanza pale mjini, kwa nilivyosikia. Lakini nimesikia tu. Nataka isnadi. Nenda ukae naye, muulize, uniletee maneno yake."

Watoto wengine walipewa wazee wa hapo hapo Makambako. Mimi nilipewa wa mbali. Niliona nimepewa kubwa kuliko wote, nikavimba kichwa.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Ningependa ungekuwepo ukaione. Asubuhi za Juni majani yote yalikuwa meupe kwa barafu, ukikanyaga yanalia. Jikoni kuni za miti ya miwati zilikuwa zikitoa moshi mzito wenye harufu tamu kidogo, na viazi vilichomwa kwenye majivu mpaka ganda likawa gumu. Bibi aliamka akiimba wimbo wa kanisani, akasali, kisha ndipo akatoa salamu ya "Kamwene" kwa kila mtu, hata kwa kuku. Hakuwahi kusema neno baya juu ya dini ya mama yangu. Alikuwa na sufuria moja nyeusi iliyoning'inizwa peke yake kwenye msumari, na mtu yeyote akiigusa alimkemea: "Hiyo ni ya mwanangu na wajukuu zangu Waislamu. Haijawahi kuingia nguruwe." Tukiondoka aliiosha, akaitundika, ikatusubiri mpaka likizo nyingine.

Na jioni, tukimenya mahindi, alitusimulia. Kisa alichokipenda kilikuwa cha mhubiri wa kwanza aliyetokea upande wa Kidugala, wakati mama yake bibi alipokuwa msichana. Mhubiri alikuja kwa miguu na kengele shingoni kama ng'ombe, baridi ikamwangusha mbele ya nyumba yao. Mama yake bibi ndiye aliyechoma mawe, akayafunga kwa nguo, akamwekea miguuni siku tatu. Alipopona akamfundisha kusoma. Bibi alipofika kwenye mawe alinyoosha miguu yake mwenyewe, akaishika, kana kwamba joto lile bado lipo.

Sasa umekwisha kuelewa.

Kwa Bi Mkubwa nilikwenda, usidhani sikwenda. Nilikwenda mara moja, wiki ya kwanza ya likizo, na mabinamu zangu wawili. Ilikuwa siku ya gulio na walikuwa na haraka ya kwenda kuona wauza nguo. Walinisubiri barabarani, wakinipigia miluzi. Bi Mkubwa alikuwa ameketi juani, mgongo ukutani, akichambua maharage kwa vidole bila kuyatazama. Nilimwamkia. Alinishika mkono, akaunusa.

"Moshi wa miwati," akasema. "Umetoka shamba. Wa nani wewe?"

Nikamwambia nimetumwa na maalim wa Makambako, kuuliza habari za mama yake.

Aliyaweka maharage chini. Alitengeneza kanga yake kichwani, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema. Kisha: "Kaa, mjukuu wangu. Habari hii haisemwi kwa kusimama."

Mabinamu wakapiga mluzi tena. Nikasema, "Nitarudi kesho, Bi Mkubwa."

"Kesho vizuri. Nitakuwa nimeipanga kichwani. Nitakukaangia karanga."

Kesho yake barafu ilikuwa nene na mimi nilikuwa na viatu vya raba vilivyotoboka. Keshokutwa tulikwenda kuokota kuni, na palikuwa na mteremko ambapo tuliteleza juu ya matawi ya mipaini mpaka nguo zikachanika. Siku iliyofuata nilisahau. Iliyofuata sikusahau, ila niliona haya kwa kuwa nilikuwa nimesema kesho. Kila siku iliyopita ilifanya haya iwe kubwa, mpaka likizo ikaisha.

Usiku wa kuamkia safari ya kurudi niliandika. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, kurasa tatu. Niliondoa kengele, nikaweka chumvi. Niliondoa kusoma, nikaweka bismillahi. Mawe niliyabakiza, maana mawe ndiyo yaliyokuwa matamu. Bibi yangu alikuwa ameketi upande wa pili wa moto akinitazama kwa furaha. "Mtoto anasoma huyu," akamwambia mjomba. "Tazama anavyoandika."

Maalim alisoma kurasa zangu akiwa amesimama, bisibisi bado mkononi. Alipofika kwenye mawe alikaa chini. Alisoma mara ya pili. Watoto wenzangu walikuwa wameleta sentensi mbili mbili: mzee kasema hakumbuki, mzee kasema aletewe sukari kwanza. Yangu ilikuwa habari kamili.

"Umeyasikia haya kwake mwenyewe?" akaniuliza.

"Ndiyo, maalim." Na kwa kuwa aliendelea kunitazama, nikaongeza bila kuombwa: "Wallahi."

Uso wake ulibadilika, nikadhani nimegundulika. Lakini alisema kwa upole, "Hapana, mwanangu. Jina la Mungu si la kutupatupa. Mimi nakuamini bila kiapo." Akachukua daftari lake kubwa, akainakili habari yangu kwa Kiarabu, polepole, akitafuta maneno kwenye ile kamusi ya uzi wa viatu. Kutafuta neno la baridi inayotia miguu ganzi kulimchukua siku mbili. Mwisho wake akaandika isnadi, na jina langu likawa la pili kutoka juu. Nilikuwa mtoto wa kwanza katika madrasa ile kuandikwa humo.

Bi Mkubwa alifariki wakati wa mvua, kabla mwaka haujaisha. Maalim alikwenda kumzika. Aliporudi aliniita pembeni. "Binti yake ameniambia kwamba tangu Juni mama yake alikuwa akitoa vigoda viwili nje kila asubuhi, kimoja chake na kimoja cha mgeni. Anauliza, yule mtoto wa Makambako atarudi lini? Alikupenda. Nadhani alitaka kukuongezea."

Nikasema, "Ndiyo, maalim."

Nilikuwa nalia, naye akanipa leso yake yenye harufu ya mafuta ya taa. Alidhani ni huzuni.

Nilikua. Niliolewa Njombe, nikazaa, nikazika mume. Cherehani yangu iko sokoni, na njia yangu ya kwenda na kurudi inapita pale palipokuwa na nyumba ya Bi Mkubwa. Sasa wanauza mabati na misumari. Bibi yangu mzaa mama alitutoka zamani. Sikuwahi kumwambia kwamba mama yake nilimsilimisha kwenye karatasi bila ruhusa yake, na kwamba nilimwibia yule mhubiri mawe yake. Najua angecheka kwanza. Halafu angenyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito.

Maalim naye nilikuwa nikishuka kumtembelea kila Idi. Nafasi nilikuwa nazo nyingi, kwa hiyo sitakudanganya kwamba nilikosa. Mwaka huu, alipokuwa amelala hajiwezi, nilimpelekea supu alasiri moja. Niliapa njiani kwamba leo nasema. Nilimlisha vijiko vichache. Akaniomba nimsomee kidogo kwenye madaftari yake kwa kuwa macho yalikuwa yameshindwa. "Soma ule wako," akasema. Nikausoma ukurasa wangu, kwa Kiarabu chake, nikijikwaa, naye akinirekebisha akiwa amefumba macho. Nilipofika kwenye mawe alinyoosha miguu chini ya blanketi.

Sikusema. Nilifunga daftari, nikamfunika vizuri, nikatoka. Baada ya siku tisa wakanipigia simu.

Sasa turudi kwa yule binti. Wiki moja baada ya arobaini alipanda Njombe, akanikuta sokoni nikipinda pindo za sare za shule. "Shikamoo, mama." Marahaba. Alikuwa na simu ya kurekodia, na ile habari ameipiga chapa vizuri, ina picha ya mawe aliyoichora mwenyewe. Akavuta kiti.

"Mama, ustadhi amesema katika isnadi nzima aliyebaki hai ni wewe peke yako. Nataka sauti yako uisimulie mwenyewe, tuiambatanishe. Watoto wa madrasa ndogo wanaipenda sana. Wanafunga mawe kwa leso, wanawekeana miguuni." Akacheka.

Nilizima cherehani. Nilimwomba azime simu. Kisha nikafikiri, nikamwambia awashe.

Nilimweleza yote niliyokueleza wewe: gulio, miluzi, barafu, haya, bibi yangu na mhubiri wake, wallahi, kigoda, supu. Alikuwa ameanza kwa kutabasamu kwa adabu, kama vijana wanavyotusikiliza sisi. Tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Muuza vitenge wa jirani alitaka kumwonyesha doti, akamtazama usoni, akarudi kwenye kibanda chake.

"Maalim alijua?" akauliza.

"Hakujua."

"Na yale mengine uliyotuambia siku ya arobaini? Kwamba alikuwa anaandika maneno kwenye mifuko ya saruji. Ya yule msichana na ulanzi. Tumeyaandika pia, kwenye sura ya maisha yake."

"Hayo ni ya kweli."

"Nitajuaje?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa na kalamu mkononi, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka kusaidiwa. Alifundishwa vizuri, na aliyemfundisha alifundishwa na maalim. Wenzangu wa chumba cha mabanzi, wengine wamekufa, wengine walihamia mbali, na mimi ndiye niliyekuwa nimebaki na maalim yule wa ujana wake, mwenye bisibisi na mkaa. Kwa kurasa tatu nilizoandika nikiwa na miaka kumi, nilikuwa nimempoteza na yeye pia.

"Yaweke kando," nikamwambia. "Kama sheria ya somo inavyosema. Na jina langu usilifute. Liandike, na uandike kwamba amekiri."

Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Mama, lakini kisa kile kina wenyewe." Akaniuliza kijiji cha bibi yangu, na kama bado kuna ukoo pale. Jumamosi iliyofuata tulikwenda pamoja, yeye na hijabu yake, kwa wajomba zangu ambao ni wazee wa kanisa. Niliyarudia yote mbele yao. Mjomba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kidevu kwenye fimbo.

"Kwa hiyo bibi yetu amekuwa Mwislamu miaka yote hii na hatukualikwa hata Idi moja?"

Mke wa mjomba mmoja akaangua kicheko, wakacheka wote, hata binti. Mimi sikuweza. Mjomba akaona, akaacha kucheka, akaniletea kiazi cha kuchoma. Wakamsimulia binti kisa chao, na kengele yake, naye akakiandika kwa jina la mwenyewe, mama yake bibi yangu. Wao walinisamehe papo hapo. Wasioweza kunisamehe ni wale ambao hawapo.

Kwenye kazi yao ya mashindano ukurasa wangu uliondolewa. Mahali pake, chini ya swali la nani alikuwa Mwislamu wa kwanza wa Njombe, wameandika kwamba hawajui, na wameeleza kwa nini, na jina langu lipo. Sura ya maisha ya maalim imekuwa fupi sana.

Nakumbuka namna alivyotengeneza kanga yake kichwani, yule Bi Mkubwa. Hakuna mtu mwingine duniani anayekumbuka hilo, na sasa ukiambiwa na mimi una haki ya kutoamini. Alichotaka kusema kiliondoka naye. Labda mama yake alisilimu kwa ajili ya mume, labda kwa ndoto, labda kwa chumvi kweli. Labda ilikuwa habari nzuri kuliko mawe. Siku nzima ya mwezi Juni, jua likiwa kwenye ukuta, karanga zikikaangwa, ningeisikia yote.

Binti alikuja kunisalimu baada ya mashindano. Hawakushinda. Aliniambia walipofika kwenye swali lile, mwalimu mmoja kwenye meza ya waamuzi alivua miwani akauliza: mji wenyewe si mkubwa, wazee walikuwepo, inakuwaje hamjui?

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia palikuwa na bibi mmoja aliyejua. Alitusubiri na hatukwenda."

"Ulisema hatukwenda?"

"Ndiyo, mama," akasema, akitafuta sweta lake kwenye mkoba kwa kuwa wingu lilikuwa limeingia. Ana miaka kumi na saba. Bi Mkubwa alizikwa kabla hata mama yake binti huyu hajazaliwa.